Anayeuliza ni nani?

Siku ya kwanza ya kurekodi lugha ya mama yangu kwa ajili ya utafiti nilikwenda kifua mbele. Mkalimani wa nini, na kila mtu anajua mimi ni mtoto wa nani? Bibi, shangazi yake mama, alikaa mbele ya kinasa sauti akasimulia mpaka betri ikakaribia kuisha. Nilipoketi kunukuu ndipo nikasikia nilichokuwa sikukisikia pale: kila alipofika penye utamu alisema, "Si unajua mwenyewe, mjukuu wangu," akaruka. Kumbe nusu ya hayo sikuyajua, ila nilikuwa nikiitikia tu. Kwa mtoto wa nyumbani, kuuliza ni aibu.

Baadaye mwenzangu asiyejua hata salamu ya lugha ile alimuuliza bibi yuleyule neno la kubeba. Akapewa mawili, la mzigo mkavu na la kitu kinachoweza kumwagika, huku bibi akiinuka kumwonyesha kwa mikono. Mimi nimetumia moja maisha yangu yote na hakuna aliyenisahihisha.

Usije ukadhani basi mgeni ndiye bora. Kwake bibi alisema polepole kama anayemfundisha mtoto, akayafagia maneno yote ya kukopa, na matusi, ambayo ana kipaji nayo, hayakusikika kabisa. Kila mmoja wetu alipewa lugha yake.

Ndiyo maana nawaambia wanaoanza kazi hii ya kurekodi lugha: andika habari zako kabla ya kuandika za msemaji. Siku hizi kila faili langu la sauti linaonyesha nani aliuliza, ana uhusiano gani na msemaji, na nani mwingine alikuwepo. Ukiweza, swali lilelile liulizwe na watu wawili tofauti.

Na usijidanganye kwamba asili moja inatosha. Katika utafiti wa mwanaisimu Mmarekani William Labov na wenzake kule Harlem, New York, miaka ya 1960, aliyehoji alikuwa mtu mweusi wa Harlem hiyohiyo, na bado mtoto wa miaka 8 alijibu kwa neno moja moja. Safari nyingine mhoji akaja na vibanzi vya viazi, akamleta rafiki wa mtoto, akaketi sakafuni. Watoto wakaanza kunyang'anyana zamu ya kusema. Hakubadilika rangi wala mtaa. Alichopunguza ni ukubwa.

Asili yako haiishii kwenye kukusanya data, inakufuata hadi kwenye namna unavyoyaelewa uliyoyasikia. Mwaka 1992 Peter Ladefoged, mtaalamu Mwingereza wa sauti za lugha aliyefundisha Marekani, alisimulia juu ya msemaji wa Kidahalo, lugha iliyobaki na wasemaji wachache hapa Kenya, aliyesema kwa tabasamu kwamba wanawe wanazungumza Kiswahili tu. Ladefoged akauliza, yeye ni nani hata aseme mzee yule amekosea? Mwaka uliofuata mwanaisimu Nancy Dorian, aliyetumia miaka mingi na wasemaji wa Kigaeli cha Scotland, akamjibu kwamba wajukuu wanaweza kuja kuisikitikia lugha ambayo wazazi waliiacha kwa furaha. Tabasamu ni lilelile moja. Mimi namwelewa zaidi Dorian, lakini mimi ni mjukuu, ningesema nini kingine?

Jambo la mwisho ni jepesi, nami nilichelewa kulifanya. Waulize wao wanakuona nani. Nilipomuuliza bibi, alicheka kwanza. "Wewe ni mtu wa shule," akasema. "Siku ile nilidhani umetumwa kunipima kama bado nakumbuka." Nikazima kinasa sauti, nikamwambia hilo neno la pili la kubeba silijui, anifundishe. Alinifundisha, na akanicheka jioni nzima.