Swali la lugha: Liwali, kujiuzulu na kuuzuliwa

Mwalimu mmoja wa historia anauliza: "Naandaa somo kuhusu Midhat Pasha. Nimeandika, 'Alikuwa wali wa Baghdad, wilaya ya Dola ya Uthmaniya. Mwaka 1877 akajiuzulishwa na Sultani.' Mwenzangu ameikataa sentensi hii. Kasoro iko wapi?"

Mwalimu, kasoro ziko tatu. "Wali" kwa Kiswahili ni mchele uliopikwa. Mtawala wa jimbo anaitwa liwali, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu pamoja na kitangulizi chake "al-"; wingi ni maliwali, na cheo chenyewe uliwali. Sultani wa Zanzibar aliweka maliwali Mombasa, Malindi na Lamu, wakitawala na kuhukumu kwa niaba yake, kwa hiyo neno hili tayari limebeba picha unayoitaka. Wapo wanaopenda "gavana". Silikatai, ila Mkenya atamfikiria mtu aliyepigiwa kura, na Mtanzania atamfikiria mkuu wa Benki Kuu. Jihadhari pia na "walii", ambaye ni mcha Mungu wa daraja la juu, au msimamizi anayemwozesha binti.

"Wilaya" nayo itampotosha mwanafunzi. Waturuki waliita eneo la namna ile vilayet, na asili ni moja na wilaya yetu, lakini wilaya yetu iko chini ya mkoa. Baghdad aliyoitawala Midhat kuanzia 1869 hadi 1872 ilikuwa jimbo kubwa, andika "jimbo".

Kasoro iliyo nzito zaidi ni "akajiuzulishwa", na siku hizi naisikia hata redioni. Kiambishi -ji- kinasema mtu amejitendea mwenyewe. Anayejiuzulu ameacha cheo kwa hiari yake, basi Sultani anaingiaje hapo? Kitenzi cha asili ni uzulu, yaani kumwondoa mtu madarakani: Sultani alimuuzulu (u mbili, kama alimuuliza), naye akauzuliwa. Kwa Midhat tofauti hii ni kubwa. Alikuwa Waziri Mkuu katiba ilipotangazwa tarehe 23 Desemba 1876, katiba aliyoipigania mwenyewe. Tarehe 5 Februari 1877 Sultani Abdülhamid II akamuuzulu na kumfukuza nchini, akitumia kifungu cha 113 cha katiba hiyohiyo. Ukiandika "alijiuzulu" umemwondolea Sultani tendo lake.

Basi iwe: "Alikuwa liwali wa Baghdad, jimbo la Dola ya Uthmaniya, baadaye akawa Waziri Mkuu, na mwaka 1877 akauzuliwa na Sultani." Kipande cha uwaziri nimekiongeza kwa makusudi, kwa sababu sentensi yako ilimfanya aonekane ameuzuliwa akiwa Baghdad.

Naona somo lako litaendelea mbele, kwa hiyo nakuongezea jambo moja. Mwaka 1878 alirejeshwa kazini, akapewa uliwali wa Syria, kisha mwaka 1880 akahamishiwa Izmir. Sema "akahamishiwa", usiseme "akahamia", maana amri haikuwa yake. Mwaka 1881 alikamatwa, akashtakiwa kwa kifo cha Sultani Abdülaziz na kuhukumiwa kifo. Adhabu ikapunguzwa, akapelekwa uhamishoni Taif, Arabuni, alikouawa mwaka 1884. Hapo usiiache ile -ni ya mwisho: ukiandika "alipewa uhamisho kwenda Taif", mwanafunzi atadhani ni kituo kipya cha kazi.