Maswali yenu kuhusu Niemen, yule jamaa wa Poland

Juzi niliandika kwamba kwenye roki ya Poland mimi namkubali Czesław Niemen kuliko wote, basi meseji zikamiminika. Najibu chache, mengine mtanisamehe.

*Hivi Niemen ndo jina lake kweli?*

Hapana. Alizaliwa Czesław Wydrzycki, 16 Februari 1939, kijiji cha Stare Wasiliszki, enzi hizo ni Poland, baada ya vita mpaka ukasogezwa kijiji kikabaki kwa Wasovieti na leo kiko Belarus. Familia ikahamia Poland 1958. Niemen ni mto wa kwao, na ukijaribu kutamka Wydrzycki utaelewa kwanini jukwaani alitumia la mto 😂

*Alianzaje muziki?*

Kanisani, kama wengi tu. Baba yake alikuwa anatyuni vinanda vya kanisa, dogo yuko kwaya. Baadaye Gdańsk akasomea fagoti, lile zumari refu la sauti nzito, halafu 1962 akaingia bendi ya Niebiesko-Czarni, yaani Bluu na Weusi. 1964 Marlene Dietrich, staa wa filamu, akaja kupiga shoo Warszawa, akausikia wimbo wa huyu kijana akaupenda, akaondoka nao akaurekodi kwa Kijerumani. Kijana mwenyewe ana miaka 24 tu!

*Nianze na ngoma ipi?*

Dziwny jest ten świat, "Dunia hii ni ya ajabu", ya 1967. Weka hedfoni. Kinanda kinatangulia taratibu kama ibada inaanza, unajiandaa kusikia mtu anaimba kistaarabu, mara jamaa anaingia na yowe, siyo kuimba kule, ni mtu analia msibani na bado yuko kwenye tyuni. Anashangaa binadamu anavyomuua mwenzie kwa neno baya kama kwa kisu. Aliipiga tamasha la Opole mwaka huohuo, kwenye nchi ya kikomunisti ambako nyimbo za redioni zilitakiwa ziwe na adabu zake, na yeye ana nywele ndefu na minguo ya rangirangi, unaweza kupata picha magazeti yalivyomshukia. Albamu yenye jina hilohilo ikawa ya kwanza Poland kupewa diski ya dhahabu.

*Kaka, mbona nimesikiliza albamu yake nyingine sijaelewa kitu?*

Utakuwa umekutana na Enigmatic ya 1970 😅 Upande mzima wa sahani ni wimbo mmoja wa dakika kama 16, kwaya, kinanda cha umeme cha Hammond, na maneno ni shairi la Cyprian Norwid la karne ya 19 kuhusu mazishi ya jenerali. Watu walitaka Dunia ya ajabu namba mbili, yeye kawaletea msiba wa jenerali. Na hakurudi nyuma, akahamia sintesaiza, vile vinanda vya kuunda sauti kwa umeme, na albamu ya Katharsis ya 1976 vyombo vyote kapiga mwenyewe. Mimi hiyo sehemu ya mwisho wala siipendi sana kusema ukweli, ila Enigmatic ipe nafasi nyingine, hata usiku umeme ukikatika.

*Kwanini hakutoboa nje?*

Alijaribu. CBS, kampuni ya kurekodi muziki, walimchukua Ujerumani Magharibi, na albamu ya Mourner's Rhapsody ya 1974 akairekodi New York na kina Jan Hammer mpiga kinanda, watu wazito. Shida kwangu ni Kiingereza. Sauti ileile, lakini ni kama kavaa koti la kuazima, mabega hayakai.

*Leo Poland wanamkumbuka au ndo kashasahaulika?*

Alifariki Warszawa 17 Januari 2004, kansa. Sasa nenda katafute video ya mashabiki wa Legia Warszawa, timu ya mpira, kabla ya mechi ya nyumbani, wanaimba Sen o Warszawie, "Ndoto ya Warszawa", ngoma yake ya 1966. Uwanja mzima umenyanyua skafu juu, mibaba yenye vifua vya ubondia inaimba polepole mpaka beti la mwisho, na refa hajapuliza bado.