Maswali ya wasomaji: kungwi wa seli za neva

Wiki iliyopita niligusia protini zinazosaidia protini nyingine kujikunja vizuri. Haya ndiyo maswali mliyoniletea.

Protini ikikunjika vibaya, kuna ubaya gani? (Tabata)

Simama kwa muuza chipsi mayai. Ute wa yai unaingia kikaangoni ukiteleza, mara unakuwa mweupe na kuganda. Moto umezikunjua protini zake, zimeng'ang'aniana ovyo, na hazirudi tena. Mwilini protini hufanya kazi kwa umbo lake, kama ufunguo. Umbo likipotea, kazi imekwisha.

Hapo anaingia yule ninayemwita kungwi. Protini ya Hsp70 hushika mnyororo ambao haujakaa sawa, kisha kwa nguvu ya ATP, nishati ya seli, huuachia ujikunje wenyewe. Kungwi humfunda mwali, halafu humwachia nyumba yake.

Kwa nini neva ndizo zinazomhitaji zaidi? (Kigamboni)

Swali zuri sana hili. Ngozi hujibadilisha, lakini seli nyingi za ubongo wako ni zile zile ulizozaliwa nazo. Hazigawanyiki, kwa hiyo takataka za protini zilizoharibika zikijaa hazina pa kuzipunguzia. Tena ni ndefu: moja ikitoka uti wa mgongo hadi unyayoni hufikia kama mita nzima. Kule mwisho, kwenye sinapsi, yaani pale neva moja inapopasha nyingine habari, vifuko vya kemikali hutumika na kurudishwa bila kupumzika, na kungwi Hsc70, ndugu wa Hsp70, hukivua kila kifuko koti lake la protini iitwayo klathrini ili kitumike tena. Yupo mwingine hapo hapo, CSP-alfa. Panya wasio naye huzaliwa wazima. Baada ya wiki chache hulegea, sinapsi zao huoza, wakafa wangali wadogo.

Joto la Januari hapa Dar linaharibu ubongo? (kondakta, Mbagala)

La kawaida, hapana, ndugu yangu. Jasho linaushikilia mwili karibu na nyuzi 37. Ila mtu akianza kuweweseka juani, hiyo ni dharura: mpoze kwa maji na awahishwe hospitali. Makungwi hawa wenyewe walifahamika kupitia joto. Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa alieleza jinsi kromosomu za nzi wa matunda zilivyovimba sehemu fulani walipopashwa joto: jeni, zikiwemo za kutengeneza makungwi, zilikuwa zimeamka.

Mama ana ugonjwa wa Parkinson. Nimeuziwa unga wa "protini ya ubongo". Nimpe? (Temeke)

Pole kwa kuuguza, dada. Usimpe kwa tumaini hilo. Protini ukiila hukatwakatwa tumboni kuwa amino asidi. Haifiki ubongoni ikiwa kungwi. Kwa mama yetu, protini iitwayo alfa-sinukleini imeganda ndani ya neva, na dawa za kuwaongezea makungwi nguvu dhidi yake bado ziko kwenye utafiti. Kama ameandikiwa levodopa, dawa ya Parkinson, asiikatishe ghafla, na huo unga nenda nao kliniki daktari wake auone.