Mtoto anatoka na ukungu kwenye picha za ndani
Kamera yako haina ubovu, usiipeleke kwa fundi. Sebuleni mwanga ni mdogo, kwa hiyo kamera inaacha shata (pazia la ndani linaloruhusu mwanga kuingia) wazi muda mrefu, tuseme 1/15 ya sekunde, na mtoto anayecheza hawezi kutulia kiasi hicho. Zungusha kitufe cha juu hadi S (kwenye Canon ni Tv), ambapo unachagua mwenyewe muda wa shata, weka 1/250 ya sekunde, halafu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipangie yenyewe, mwisho 3200. Utaona chengachenga kwenye sehemu zenye giza. Zivumilie, picha ya chenga inatazamika, iliyotikisika ni ya kufuta tu. Ila kabla ya yote hayo, mhamishie michezo karibu na dirisha. Flashi mi huwa naizima kabisa.