Bethesda au Germantown?

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunahamia Montgomery County, Maryland, na watoto wawili. Mume anang'ang'ania Bethesda kwa sifa za shule, ila kodi ya nyumba huko inanitia kizunguzungu. Germantown je?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huko shule ya serikali hufuata anwani ya nyumba. Ukivuka barabara tu, mtoto anaweza kupangiwa nyingine. Kabla ya kusaini mkataba, ingiza anwani kwenye tovuti ya shule za kaunti. Ulizia na mipaka, maana hubadilishwa. Zile alama wanazopewa shule mitandaoni mimi siziamini: mara nyingi zinapima mifuko ya wazazi. Germantown haina treni ya Red Line, ile ya kwenda Washington; treni hiyo inaishia kituo cha Shady Grove, haifiki Germantown. Lakini mabasi ya kaunti, Ride On, ni bure tangu 2025. Na Silver Spring mmeitazama? Treni hiyo ipo, na jirani zetu Wahabeshi tele. Mumeo atafanya kazi wapi? Hukuniambia.