Mama kuvunjika mkono kwa kuteleza tu, usiuache hivi hivi

Pole sana dada, na mama mpe pole zake. Umeuliza kama mama wa miaka 63 kuvunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza kwenye kizulia ni uzee tu, mi nakwambia hapana, mfupa wenye afya hauvunjiki kirahisi hivyo kwa mtu aliyeanguka toka kimo chake mwenyewe, hapo cha kwanza kushuku ni osteoporosisi, yaani mfupa unalika kwa ndani unabaki vitobo vitobo kama sponji na wala hauumi mpaka siku uvunjike.

Na hayuko peke yake, duniani inakadiriwa mwanamke 1 kati ya 3 waliopita miaka 50 atavunjika kwa sababu hii, wanaume 1 kati ya 5, na watu wanavyozidi kuishi miaka mingi ndo mzigo unaongezeka. Kinachoniuma mimi wengi wanafungwa hogo wanarudi nyumbani, hakuna anayeuliza kwa nini umevunjika, halafu baadaye inakuja nyonga, na nyonga jamani wengine hawatembei tena.

Rudini kwa dokta muombe kipimo cha DXA, kinachopima uimara wa mifupa, ni kama eksirei, analala tu dakika chache, T-skoa, yaani namba inayolinganisha mifupa yake na ya kijana mwenye afya, ikiwa -2.5 kushuka chini ndo osteoporosisi yenyewe. Mwambie pia kama alikoma hedhi mapema au katumia prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) muda mrefu. Kalsiamu na vitamini D sawa, ila kwa aliyeshavunjika mara nyingi hazitoshi, kuna dawa zake. Na hicho kizulia kitoe leo hii, njia ya chooni usiku iwe na taa.