Jalada likipinda, vanishi halilinyooshi

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nashona madaftari ya kuchorea ya A5. Karatasi ni A4 za fotokopi, nazikunja kati, na jalada la kadibodi nalivika leso kwa gundi nyeupe. Siku ya pili jalada limepinda kama kigae, na nikipaka rangi za maji kurasa zafanya mawimbi. Nimeambiwa ni unyevu wa bahari, nipake vanishi ndani na nje. Ninunue ipi? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Usinunue yoyote. Hii ya vanishi naulizwa kila msimu wa mvua, na kila mara anayeishauri hajawahi kushona hata fungu moja la karatasi. Siyu, hapo jirani, misahafu ilinakiliwa na kujalidiwa karne ya 19 katika unyevu huu huu.

Tatizo lako ni mlalo wa nyuzi. Nyuzi za karatasi ya kiwandani nyingi hulala upande mmoja, na zikilowa hunenepa zaidi kuliko kurefuka. Katika A4 ya fotokopi kwa kawaida zimefuata ule urefu wa milimita 297. Ukiikunja kati, zinalala kukingama na mgongo wa daftari. Ukurasa ukilowa wataka kupanuka kwenda juu na chini, huku uzi wa kushonea na gundi vimeubana mgongoni. Utaenda wapi isipokuwa kufanya mawimbi?

Nunua A3 ambayo nyuzi zake zimefuata urefu, ikate kati upate A4 mbili, ndipo ukunje. Sasa nyuzi zinakwenda sambamba na mgongo. Kuhakikisha, kata kipande cha sentimita tano kwa tano, weka alama upande uliofuata urefu wa karatasi, kisha lowanisha uso mmoja kwa kidole. Kitajiviringa kama msokoto, na nyuzi zimelala kwa urefu wa msokoto huo. Kadibodi pia ina mlalo: ipinde kidogo huku na huku bila kuivunja. Inapokubali kwa wepesi, mstari wa mpindo ndio mlalo wenyewe, nao uende sambamba na mgongo.

Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, kwa rangi za maji usijisumbue. Anzia 200, ukiloweka sana, 300, na hapo fungu moja (karatasi zinazokunjwa na kushonwa pamoja) lisizidi karatasi mbili, la sivyo mkunjo utavimba.

Jalada nalo limepinda kwa sababu umelivika upande mmoja tu. Leso hunyooka ikilowa gundi, ikikauka hujivuta na kuivuta kadibodi upande wake. Lazima ndani ubandike karatasi ya kuivuta upande wa pili. Tumia kadibodi ngumu ya milimita 2, si boksi la mawimbi. Leso ni nyepesi na gundi hupenya ikaacha madoa usoni, kwa hiyo ifue itoke wanga, ibandike kwanza kwenye karatasi nyembamba, ikauke, kisha gundi uipake kwenye karatasi hiyo. Paka nyembamba, kutoka katikati kwenda pembeni. Weka nailoni kati ya jalada na kurasa, kandamiza kwa kilo tano au zaidi kati ya mbao mbili, siku nzima. Wakati wa mvua, siku mbili. Juani usilianike: uso mmoja hukauka mbele ya mwingine, na kupinda kunaanza upya.

Vanishi ingekufanyia nini? Ingeufungia ndani unyevu ambao haujatoka. Ile ya seremala hugeuka manjano, na ile ya maji hunata kwenye joto, kurasa mbili zinazotazamana zikashikana hadi zichanike. Ukungu unazuiwa kwa hewa. Usiliegemeze daftari kwenye ukuta wa matumbawe, wala kulisukuma hadi mwisho wa kidaka cha ukutani. Acha nafasi ya vidole viwili.

Na kwa kuwa wanaouza vanishi hawakosi kukusukumia pia gundi ya fundi viatu kwa sababu "inashika papo hapo": kweli inashika. Baada ya muda hugeuka kahawia, hukauka, hupukutika, na doa lake hubaki limepenya karatasi mpaka upande wa pili. Gundi ya unga wa ngano ni nzuri kwa karatasi, ila Lamu mende wanaipenda kuliko wewe. Baki na gundi yako nyeupe, ila chagua ile ambayo ikikauka bado inakunjika: paka tone kwenye nailoni, likikauka libandue ulikunje. Likikatika, liache dukani.